Mkwe Juu ya Tangi la Maji

Kupanda mnara wa tangi la maji si kazi ngumu. Huwaambia hivyo vijana wanaokuja kwetu kujifunza ufundi, na nakuambia na wewe, kwa sababu huenda siku moja utalazimika kupanda na sitakuwepo kukushika mkono. Unavaa mkanda wa usalama unaozunguka kiuno na mapaja. Mkanda huo una kamba fupi mbili, na kila kamba ina ndoano mwishoni. Ndoano ya kwanza unaifunga kwenye chuma cha ngazi, inalia ka. Unapanda kidogo. Ya pili unaifunga juu zaidi, ka, ndipo unapofungua ile ya chini. Hivyo hivyo mpaka juu, na ukisimama kufanya kazi unafunga zote mbili. Sheria ni moja tu: ndoano isiachie mpaka mwenzake ameshika. Ukiifuata, hata mguu ukiteleza utabaki unaning'inia kama popo, umeaibika lakini mzima.

Katika mafunzo yote niliyopewa, hakuna aliyenieleza la kufanya endapo chini ya mnara amesimama baba mkwe wako.

Mimi ni mzaliwa wa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Wageni huja kwetu kutazama tembe la zamani, jumba la udongo lenye paa bapa, na kupiga picha njia ambayo misafara ilipita kwenda pwani. Babu zetu walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu mabegani kwa miezi, wakavuka mbuga na nyika, na tunaambiwa walikuwa wakiimba. Mimi mjukuu wao nikibeba sanduku la antena lenye uzito wa mtoto mchanga, nikifika katikati ya ngazi nimeshaanza kulalamika, na siimbi. Tena nimekulia mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote kilikuwa ghala la mahindi. Miguu yangu haikuandaliwa.

Kazi yenyewe niliipenda kabla sijajua kwamba ina ngazi. Tuko mafundi wachache, ofisi yetu iko mjini Tabora, na tunapeleka intaneti kwenye shule na zahanati za vijijini. Antena tunazofunga zinafanana na sinia ya pilau. Sinia moja inafungwa mahali pa juu mjini, nyingine mahali pa juu kijijini. Zikitazamana, mawasiliano yanapita. Zikipeana kisogo, hakuna kitu. Na kwa kuwa vijiji vingi havina mahali pa juu zaidi ya mnara wa tangi la maji, ndiyo maana mimi, binti wa nyumba bapa, napanda matangi.

Sasa nikueleze kuhusu baba mkwe, polepole, ili tusiachane njiani.

Kwetu Unyamwezini ukwe una adabu yake. Mwanamke hamkazii macho baba wa mumewe. Anapomsalimu hupiga magoti. Wakikutana njiani, kila mmoja hutafuta pembeni. Mzee naye hukwepa vilevile, wala si kwa chuki. Hivyo ndivyo watu wawili wanavyopimiana heshima. Kwa bibi mambo ni kinyume. Bibi wa mume wako anamwita mjukuu wake "mume wangu", kwa hiyo wewe ni mke mwenza wake, na mke mwenza ana ruhusa ya kukutania mpaka ulie. Basi familia ikiwa na neno kwako, mzee hulisema hewani, na bibi hulichukua na kukufikishia likiwa limeongezewa chumvi.

Siku nilipopelekwa ukweni mara ya kwanza, kijiji kilicho mbele kidogo ya Puge, niliusiwa nikae kimya. Mwali hasemi sana. Nilijitahidi mpaka bibi aliponiuliza redio inapataje sauti bila waya. Nikaanza kumweleza. Nilimweleza mpaka uji ukapoa, kuku wakaingia ndani, na bibi akasema, "Mke mwenza, sikuuliza nikajenge redio." Nyuma ya ukuta mtu mzima alikohoa. Alikuwa mzee, na alikuwa amesikia yote.

Kabla ya harusi mzee aliuliza jambo moja tu: mkwe anafanya kazi gani. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Darasa lenye watoto wengi kuliko madawati analinyamazisha kwa kuinua nyusi. Lakini mbele ya baba yake hana nyusi. Alijibu, "Yuko ofisini, baba, kwenye kompyuta." Mzee akasema vizuri, kazi ya kukaa inamfaa mke wa mtu. Hapo ndipo tulipojifunga. Tulijua wote wawili kwamba siku mzee akijua napanda minara na kusema nisipande, mume wangu hatabisha, maana hajawahi kumbishia tangu azaliwe. Ningerudi kwenye kompyuta kwelikweli. Na mimi, pamoja na malalamiko yangu yote, niliipenda ile kazi ya juu. Hakuna mahali pengine ninapomaliza jambo nikaliona kwa macho kwamba limekwisha.

Kwa hiyo asubuhi msimamizi aliponiambia mwenzetu amepelekwa Ipole kutengeneza hitilafu na kwamba mnara wa kule mbele ya Puge niende mimi, ningepaswa kusema neno. Sikusema. Nilijiambia kijiji ni kikubwa, ng'ombe wa mzee ni wengi, na mtu mwenye ng'ombe wengi hana muda wa kutazama watu waliopanda minara. Kumbe tangu mavuno mzee alikuwa amechaguliwa kwenye kamati ya maji, na ufunguo wa geti la uzio wa mnara ulikuwa unakaa mfukoni mwake.

Nilikwenda na mwenzangu wa chini. Nasema wa chini kwa sababu sheria yetu inataka mmoja apande na mmoja abaki, naye hubaki kila mara. Ni mtu wa mjini Tabora, wa ukoo wa maseremala waliokaa pale vizazi na vizazi, mnene, mcheshi, ambaye husema Mwenyezi Mungu alimuumba kwa udongo na yeye hataki kwenda mbali na udongo.

Tulikuta geti limefunguliwa na hakuna mtu. Nikavua kitenge nilichojifunga juu ya suruali, maana kijijini sitembei bila kitenge, nikakitundika kwenye uzio. Nikavaa mkanda. Nikaanza kumweleza mwenzangu jinsi tutakavyofanya.

"Dada," akasema, "nimefanya kazi hii kabla yako. Panda."

"Nakueleza tu ili tuwe pamoja."

"Ungezaliwa zamani za misafara, wapagazi wangefika pwani mabega mazima, masikio yamekwisha."

Nikapanda. Sitakueleza ngazi yote. Jua tu kwamba nilisimama mara nyingi nikijifanya nakagua kutu. Juu kuna njia nyembamba ya chuma inayolizunguka tangi, ina reli ya kushikia. Nilipofika nililikumbatia tangi kama ndugu aliyerudi kutoka safari ndefu. Lilikuwa la baridi na lilinuka maji. Nilikaa hivyo mpaka mwenzangu aliposema kutoka chini, kwa sauti ya kawaida tu, "Mkimaliza kusalimiana, antena iko kwenye kamba." Mnara wa chuma una tabia hiyo: sauti hupanda na kushuka ndani yake kama ndani ya bomba. Hata ndoano ikilia ka juu, aliye chini anaisikia.

Nilivuta sanduku kwa kamba, nikafunga antena upande wa kusini, kuelekea Tabora. Nikachomeka mwisho mmoja wa waya. Waya uliobaki ulikuwa umeviringwa, nikaupitisha begani. Kazi iliyosalia ilikuwa nyepesi: kutembea kutoka kusini hadi mashariki ilipo ngazi, huku waya unafunguka begani nyuma yangu, kisha kuuteremsha kwa mwenzangu. Waya tulikuwa tumeukata ofisini kwa kipimo, na ziada ilikuwa ndogo. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi, nikimweleza mwenzangu kwa nini waya haupaswi kukunjwa kona kali, nilipoona kofia.

Ilikuwa kofia ya pama ya kahawia, yenye ukingo uliong'atwa na ndama. Naijua, maana ni kitu pekee cha mzee ninachoruhusiwa kukitazama kwa utulivu. Ilikuwa inatoka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, inakuja moja kwa moja kwenye geti.

Fikiria hali yangu. Kitenge kiko kwenye uzio. Nimevaa suruali, na juu ya suruali kuna mkanda ambao kazi yake ni kubana mapaja ili yeyote aone yalipo. Tena niko juu ya kichwa chake. Mkwe hapiti hata mbele ya kiti cha baba mkwe, mimi niko juu ya kofia yake.

Nikafanya alichofanya kila mkwe tangu dunia iumbwe: nikatafuta pembeni. Nikalizunguka tangi kupitia kaskazini, nikifunga ndoano na kufungua, ka, ka, hadi upande wa magharibi. Nikachungulia. Kofia ilikuwa magharibi, chini yangu kabisa.

Nikaenda kusini. Nikapumua. Nikachungulia. Kofia ilikuwa inatokea kusini.

Niliona wazi kwamba mzee ananitafuta. Ni mjumbe wa kamati, nikawaza, anakagua mnara wake, anataka kumwona fundi uso kwa uso. Nikaendelea mbele. Kurudi nyuma nisingeweza, kwa sababu waya ulikuwa nyuma yangu na ningeukanyaga. Mashariki, kofia. Kaskazini, kofia. Nilitembea haraka kuliko nilivyowahi kutembea mahali pa juu, nikasahau hata kuogopa kimo. Kama unaogopa kupanda, naweza kukushauri hili kwa moyo mweupe: tafuta baba mkwe, mweke chini.

Nilipofika magharibi kwa mara nyingine nikampigia simu mume wangu. Alikuwa darasani, akapokea kwa kunong'ona.

"Uko wapi?"

"Kazini. Juu ya tangi."

"Tangi la wapi?"

"La kwenu."

Nikasikia watoto wakikariri jedwali la kuzidisha nyuma yake.

"Baba yuko wapi?"

"Chini yangu."

"Amevaa kofia?"

"Amevaa."

"Basi amekuja kukaa," akasema. "Usishuke."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aondoke."

"Umesema amekuja kukaa."

"Ndiyo maana nasema usishuke." Halafu akasema ana vipindi, tutaongea jioni, na akakata. Huyo ndiye mtu niliyemtegemea anitetee.

Kofia ilipopotea kidogo nikawahi kwenye ngazi na kuteremsha waya. Nilifungua wote uliobaki begani, ukashuka, nikasubiri. Baada ya muda mwenzangu akaita.

"Fundi. Waya umeliwa na nani?"

"Vuta."

"Nivute nini? Unaning'inia juu ya kichwa changu kama ndizi. Hata nikiruka siufikii, na mimi siruki."

Nikageuka kutazama nyuma, na hapo ndipo nilipoona kazi ya mikono yangu. Waya ulianza kusini kwenye antena, ukalizunguka tangi, ukarudi kusini, ukapita juu ya antena yenyewe, ukaendelea. Nilikuwa nimelifunga tangi la kijiji kama mtu aliyevunjika mbavu. Kila nilipomkimbia mzee nilikuwa natembea na waya begani, na waya ulikuwa unafuata bila kuuliza.

"Nimeuzungusha," nikamwambia mwenzangu.

"Kwa sababu gani ya kitaalamu?"

Kabla sijapata sababu ya kitaalamu, sauti nyingine ikapanda ndani ya vyuma, kavu na yenye furaha.

"Mke mwenza. Ni wewe au ni tumbili wa Serikali?"

Bibi alikuwa amefika. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake katikati ya geti, fimbo magotini, na kitenge changu kimekunjwa mapajani mwake.

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kitenge nimekikamata. Hukipati bila ugoro."

"Bibi, sina ugoro huku juu."

"Shuka nacho chochote ulicho nacho huko. Mbona mnalizunguka tangi kama mnacheza ngoma? Mwanangu huku anahema."

"Ananitafuta kwa nini, bibi?"

Bibi akacheka mpaka akashika fimbo. "Akutafute? Anakukimbia. Amesikia sauti yako tangu birikani, akajua ni mkwe. Ameshika ufunguo, hawezi kuondoka na geti wazi. Akaona akae upande ambao haupo, asije akainua macho. Akienda huku, buti zako hizi hapa. Akienda kule, buti zako. Ananiambia, mama, huyu mtoto ananifuata kwa nini?"

Umewahi kukutana na mtu kwenye kichochoro, kila mmoja akampisha mwenzake upande uleule, mara tatu, mara nne? Ndivyo tulivyokuwa, mimi na baba mkwe, yeye chini na mimi juu, kila mmoja akimkimbia mwenzake kwa adabu mpaka akakutana naye. Wala hakuna fundi mwingine yeyote duniani ambaye angeharibu waya kwa namna hiyo. Wengine huangusha nyundo.

Sasa sikiliza tatizo. Ili kuukunjua waya, ilinibidi nilizunguke tangi kinyume, polepole, nikiukusanya begani. Na mzee, akiwa amechoka, alikuwa amesimama upande wa magharibi, ameshika uzio. Nikienda kusini kisha magharibi nitamkuta, na safari hii siwezi kumkwepa, kwa sababu waya ndio unaoniongoza. Kubaki juu hakusaidii. Kuacha kazi nusu kungempa mzee sababu nzuri kuliko zote ya kusema nisipande tena.

Nikaukusanya. Nikafika magharibi. Kofia ilikuwa chini yangu, imetulia, na haikutembea.

Nikafunga ndoano zote mbili. Nikapiga magoti kwenye ile njia ya chuma, suruali, mkanda na yote, waya begani, uso nikaugeuzia tangi.

"Shikamoo, baba," nikaliambia tangi.

Nilisikia ng'ombe wakinywa maji. Kisha sauti ya mzee ikapanda, nzito na ya taratibu, nami nikajua kwa mwelekeo wake kwamba alikuwa anazungumza na ardhi.

"Marahaba, mkwe. Pole na kazi."

"Ahsante, baba."

Hatukuongeza. Mwenzangu alinisimulia baadaye kwamba mzee alivua kofia, akaishika kifuani, na kutazama vidole vya miguu yake mpaka nilipomaliza kupita. Siwezi kuthibitisha. Mimi nilikuwa nasoma kutu.

Waya ulifika chini safari hii, na ziada ndogo ikabaki, kama tulivyopanga ofisini. Mwenzangu akaunganisha kifaa chake, akakitazama, akasema sinia zimetazamana, zahanati ya kijiji itapata intaneti. Nikaanza kushuka. Kwa kawaida kushuka ndiko ninakokuogopa zaidi, lakini siku ile mwili wangu wote ulikuwa unaogopa kitu kingine na haukuwa na nafasi.

Mzee alikuwa amehamia barabarani, nje ya uzio, ametupa mgongo. Bibi alikunjua kitenge na kukishika kama pazia chini ya ngazi. Nilipokanyaga ardhi nikamwahidi ugoro wa Tabora, ule mzuri, ndipo akaniachia nikajifunga. Nikapiga magoti tena, sasa kwa namna inayofaa.

"Mama," mzee akaiambia barabara. Nilimsikia vizuri sana. Alikuwa umbali wa mtu kukurushia embe. "Muulize mkwe. Hiyo ndiyo ofisi?"

"Mwanangu anauliza," bibi akasema, "hiyo ndiyo ofisi uliyotudanganyia?"

"Sikusema kudanganya, mama."

"Hukusema, lakini ulitaka."

Nikasema, "Mwambie ndiyo, bibi. Ofisi ni hii, na minara mingine kama hii. Kompyuta nayo ipo, lakini kidogo."

"Anasema ndiyo," bibi akasema.

Mwenzangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kukosa neno, alijishughulisha kuviringa kamba iliyokuwa tayari imeviringwa. Nilitazama mchanga. Niliwaza kiti changu cha ofisini, kile chenye gurudumu moja bovu, na kwamba pengine nitakaa humo mpaka nizeeke, nikiwaeleza wengine jinsi ya kupanda.

"Muulize," mzee akasema. "Ule mkanda. Unashika?"

"Anauliza mkanda unashika?"

Ungekuwa wewe, ungesema ndiyo. Ni neno fupi na lingetosha. Lakini nimeumbwa nilivyoumbwa. Nikamweleza bibi kwamba mkanda una kamba mbili na ndoano mbili, kwamba ya kwanza ikilia ka ndipo ya pili inafunguliwa, kwamba hakuna wakati ambapo zote mbili ziko wazi, kwamba chuma cha ndoano kinaweza kubeba ng'ombe mkubwa, kwamba mishono hukaguliwa kabla ya kila safari na jinsi inavyokaguliwa. Nikamwonyesha. Nikafunga na kufungua kwenye uzio, ka, ka. Bibi alisikiliza yote, amekunja midomo. Nilipomaliza akageuka.

"Anasema unashika."

Mabega ya mzee yakatikisika kidogo. Nilidhani anakohoa. Mwenzangu anaapa kwamba alikuwa anacheka, na hilo nalo siwezi kulithibitisha.

"Mwambie," mzee akasema, "siku akija tena, apige simu kwanza. Aseme atakaa upande gani. Mimi nitakaa upande mwingine. Siwezi kukimbizana na mtoto wa watu kulizunguka tangi, nina umri."

"Mwanangu anasema—"

"Nimesikia, bibi," nikasema, nikavunja desturi kwa mara ya mwisho siku ile. "Mwambie nitapiga."

Mzee akavaa kofia, akaja kwa upande upande, akafunga geti bila kututazama, akaenda kwa ng'ombe wake. Jioni mume wangu aliniuliza baba amesemaje. Nikamwambia baba anataka nipige simu kabla ya kupanda. Alikaa kitini, akauliza mara mbili kama nina hakika ni baba yake. Nilimweleza tangu mwanzo. Alilala katikati ya maelezo.

Nimerudi kule mara kadhaa tangu hapo, maana antena za watu zinahitaji kuangaliwa, hasa baada ya mvua za upepo. Hupiga simu. Huwa nasema, "Leo nitakuwa kusini," na nikifika nakuta kigoda kimewekwa kaskazini, na mzee amekikalia, kofia kichwani, ametazama barabara. Ufunguo uko mkononi. Akipita mtu na kutaka kusimama kushangaa mwanamke aliye juu, mzee humuuliza kama hana shamba. Mawasiliano yetu ni kinyume cha yale ya sinia: yanapita vizuri tukipeana visogo.

Safari ya mwisho nilikwenda na ugoro wa bibi na shida ndogo ya skrubu iliyolegea. Nilipanda vizuri, karibu bila kulalamika. Nilipofika juu nikahamia kusini, nikamkumbusha mwenzangu kwa nini skrubu hulegea: chuma hutanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi, na kila kinapofanya hivyo hujisogeza kidogo, kidogo tu, lakini kwa miezi—

"Mke mwenza," bibi akaita kutoka kaskazini. "Nyamaza kwanza. Mwanangu anasema amesikia ka moja. Ya pili hajaisikia."

Nikatazama kiunoni. Ndoano ya pili ilikuwa inaning'inia, inayumba taratibu kwenye upepo.